Nasaba ya Ua la Kadzo

Tangu nirudi, kila anayeingia sebuleni kwangu hapa Shella ananiuliza kuhusu ule mkebe wa majani ya chai ulioko dirishani, na kwa nini nampigia kelele anayejaribu kuusogeza. Na wale mlionipigia simu siku zile nikiwa Ganda, mkanisikia nalia badala ya kusalimu, nyinyi mna maswali yenu zaidi. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Kaeni, niwape yote kwa mpigo mmoja. Habari za vibali na barua nimeziruka. Zilikuwapo, zilichosha, basi.

Shella hadi Ganda

Aliyenitia safarini ni Halima, niliyemfundisha baolojia zamani, ambaye siku hizi ni mtaalamu wa mimea na makao yake ni Kilifi. Alikuja kwangu na mimba ya miezi minane, akala mahamri sita na mbaazi za nazi, ndipo akatoa shida yake.

Kuna ua dogo la zambarau, lenye majani mazito yenye manyoya laini, ambalo huota katika nyufa za miamba yenye kivuli. Wengi wenu mmeliona likiuzwa mjini kama pambo la mezani, bila kujua kwamba kwao ni huku kwetu. Linaota kwenye miamba michache nyuma ya Kilifi, kisha halionekani kabisa katika nyika yote ile kavu, kisha unalikuta tena juu ya milima ya Taita, na mingine upande wa Tanzania. Nyuki havuki nyika hiyo, wala mbegu haiivuki. Kwa hiyo kila mlima una ukoo wake, na ndugu hawa wamekaa mbalimbali kwa miaka isiyohesabika. Halima alitaka majani kutoka kila mahali, yakaushwe, yapelekwe maabara, vinasaba vyake vilinganishwe, ijulikane nani ni ndugu wa nani na kwa karibu kiasi gani. Kupanda milima hakuweza, kwa hali ile. Mimi nimestaafu, magoti yangu bado mazima, na daftari langu halijawahi kuwa na fujo.

Masharti yalikuwa machache. Kila mche uchumwe jani moja, liwekwe katika bahasha pamoja na zile chembe za kukausha ambazo huwa ndani ya kisanduku cha viatu vipya, na bahasha iandikwe namba. Halafu kulikuwa na sharti moja alilolirudia mara tatu: mche hai usitoke mlima mmoja ukaingia mwingine, wala hata jani bichi, kwa sababu ua hili huchipua kutokana na jani tu. Likishaota ugenini, nyuki watalichanganya na wenyeji, na nasaba ya maelfu ya miaka itavurugika bila mtu kujua. Nililiandika kwa wino mwekundu. Mimi ni mtu wa masharti, waulizeni niliowafundisha.

Kituo cha kwanza kilikuwa Ganda, kwa Kadzo, mkulima aliyenizidi miaka michache. Uani kwake, chini ya ukingo wa makuti, kulikuwa na maua hayo kumi na manne katika vyungu, sufuria zilizotoboka na mikebe ya kila aina. Mama yake alizaliwa nyuma ya Kaloleni, na siku alipoletwa Ganda kuolewa, alitia mche mmoja ndani ya pindo la leso yake. Ulitoka kwenye mwamba wa kwao. Baadaye miti ya mwamba ule ilikatwa makaa, na mawe yakachomwa chokaa, jua likaingia, maua yakafa mpaka la mwisho. Sasa ukoo wa mama yake umepanda miti upya, kivuli kimerudi, na Kadzo anataka jambo moja tu duniani: alirudishe ua la mama yake mwambani kabla macho yake hayajafumba.

Halima ndiye aliyemzuia. Miaka mingi nyuma, Kadzo alinunua ua la namna hiyohiyo Mombasa, kwa kuwa lilikuwa na petali kubwa, akaliweka pamoja na la mama yake. Akawa anapanda majani na mbegu bila kuweka alama. Lipi ni lipi, hajui tena. Na la dukani, au lililochanganyika nalo, halina ruhusa ya kuguswa na mwamba ule.

Nilipokuwa nikichuma majani na kuandika namba, Kadzo alikuwa akifagia pasipo na taka. Mwishowe aliniambia bila kuinua macho, "Mwalimu, ikiwa nimemchanganya mama yangu na kitu cha dukani, nambie tu. Lakini unambie wewe kwa kinywa chako. Sitaki kuambiwa na karatasi."

Nikamwahidi. Alfajiri yake nikamkuta amevaa, ana mkoba, na kikapu kilichofunikwa leso. Alisema hawezi kukaa nyumbani huku mambo yake yakiamuliwa njiani. Sikuuliza kikapuni mna nini, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Ganda hadi Kaloleni

Basi letu liliharibika Kilifi, likatengenezwa, likaharibika tena umbali ambao ningeweza kutembea kwa kandambili. Tulikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu mpaka midomo ikawaka. Tulifika Kaloleni tumepauka kwa vumbi.

Mwamba wa pili, ambao maua yake bado yapo, sitautaja jina, na wenye busara mtanielewa. Mlinzi wake ni Katana, mtu wa makamo, mpole kwa sauti na mgumu kwa maamuzi. Alitutazama, akatazama bahasha zangu na koleo langu dogo, akasema hapana. Alituona madalali wa mawe. Nilimweleza nasaba, vinasaba na maabara, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba tunataka kununua kilima. Kadzo aliniacha nijichoshe. Kisha akataja jina la mama yake na jina la babu. Katana akacheka, akamshika mikono miwili. Baba yake Katana na mama yake Kadzo walizaliwa nyumba moja. Jioni hiyo tulikula sima na mtsunga wa nazi, ile mboga chungu ambayo siku hizi mjini wanaijua wazee tu, na nikaomba nyongeza mara mbili.

Asubuhi tulivua viatu kwenye mwanzo wa msitu. Katana alisimama akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi, sisi ni nani, wana wa nani, na tumefuata nini. Alitaja hata idadi ya majani tutakayochukua. Nimefanya kazi na watu wa sayansi, na sijaona aliyeomba ruhusa vizuri kuliko yule bwana.

Na maua, jamani. Nilidhani nayajua kwa kuwa niliyaona Ganda. Mwambani ni kitu kingine. Jiwe limepanda wima, la kijivu, baridi ukiligusa ilhali nje kunachoma, na katika kila ufa usioweza kuingiza kidole kuna maua matatu manne, ya zambarau iliyopauka, yameinamisha vichwa. Hakuna udongo wa kutajika. Yanaishi kwa kivuli na jasho la jiwe. Nilisimama pale nimeshika bahasha tupu, nikaona haya kuchuma.

Baadaye Katana alitupeleka ng'ambo ya bonde, kwenye mwamba uliokufa. Miti michanga ilikuwa imetupita kimo. Kadzo alipanda peke yake, akapitisha kidole kwenye ufa mmoja baada ya mwingine, kisha akatuita tuguse. Palikuwa na unyevu.

Kaloleni hadi Voi

Karibu na Mariakani lori lilikuwa limelala barabarani, na magari yakapanga foleni isiyoonekana mwisho. Tulikaa nusu siku. Dereva mmoja wa gari la machungwa alitushushia machungwa bila kuulizwa, akakaa nasi kivulini akitueleza ugonjwa wa mgongo wake kana kwamba sisi ni madaktari. Nilimshauri mto mgumu, Kadzo akamshauri aache kazi.

Hapo ndipo nilipomwona Kadzo akimimina maji yetu ya kunywa ndani ya kikapu. Nikauliza kulikoni. Alisema ni mboga za njiani, zisinyauke. Nikarudi kwenye chungwa langu. Mwalimu mzima wa baolojia.

Njia ilipofunguka tuliingia nyikani. Kwa saa nyingi ni vichaka vya miiba, udongo mwekundu, na joto linalotetema juu ya lami. Nimepita njia hiyo mara nyingi nikilala. Safari hii nilitazama kwa macho ya ua. Nikawaza ile chembe ya mbegu isiyoonekana, na urefu wote huo wa jua, na nikaelewa kwa nini walio nyuma yetu na walio mbele yetu hawajasalimiana tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Nilipomwambia Kadzo, alisema mama yake naye alipoolewa Ganda aliona kwao kuko mbali vilevile.

Voi hadi juu Mbololo

Mwenyeji wetu katika mlima huu wa Taita alikuwa Wakio, mkulima ambaye shamba lake limepakana na msitu. Gari lilituacha chini kwa sababu ya utelezi, tukapanda kwa miguu katika ukungu. Nilivaa nguo zote nilizobeba, na bado meno yaligongana. Wakio alitupokea na kimanga cha moto, mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, na kwa muda wa sahani mbili sikuwa na neno la kumwambia mtu.

Tulipomaliza, Kadzo akavuta kikapu, akafunua leso, akatoa mkebe wa majani ya chai. Ndani yake mche ulikuwa umechanua maua matano. Akamkabidhi Wakio kwa mikono miwili.

Chai ilinipalia. Nilisema yote niliyosema, na nakumbuka nilitaja wino mwekundu. Kadzo alinisikiliza kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, nije nyumba ya watu mikono mitupu? Na mtu huyu atanipandisha mlima wake?"

Kwake sharti la Halima lilihusu kuchuma na kupanda porini. Kwamba lingeweza kuhusu zawadi ya mgeni, hilo halikumpitia akilini, na nikimfikiria vizuri, halingempitia mtu yeyote aliyelelewa Ganda. Mambo yalizidi kuharibika pale Wakio, kwa furaha, alipoinuka aende akamtafutie Kadzo ua la Taita la kurudi nalo. Nilimzuia mlangoni. Wote wawili wakanitazama kama mtu aliyetema mate kwenye chakula. Wakio akauchukua mkebe, akaupeleka chumbani kwake, akarudi na blanketi moja zaidi kwa ajili yangu. Hakuna aliyelizungumza tena.

Asubuhi alitupeleka msituni. Sijui niwaeleze vipi. Miti imevaa kuvu na ndevu za kijani, maji yanadondoka hata pasipo mvua, na kwenye miamba iliyolowa ndugu zetu wale wamejaa, majani yao meusi zaidi, vikonyo virefu zaidi. Ni walewale, na si wao. Wakio hajasoma mimea popote, lakini alitofautisha maua ya bonde moja na ya bonde jingine kwa kupapasa manyoya ya kikonyo. Nilimfunga macho kwa mtandio wangu nimjaribu. Hakukosea hata mara moja. Nimekutana na wasomi wengi, na sina hakika nimekutana na wengi wanaokiona kitu kama yeye anavyoliona ua lile bila macho.

Wakati wa kuagana nilitaka kuudai mkebe. Kadzo alikuwa amesimama kando yangu akicheka na mwenyeji wake. Nikameza maneno.

Kurudi Voi

Lakini mimi nina ugonjwa wa kufuata sheria, na haukulala. Voi, Kadzo alipokwenda kutafuta ndizi, nilimpigia Wakio simu. Nilimwomba radhi kisha nikamwambia auchome ule mche, majani na mizizi, asibakishe kitu, kwa ajili ya maua yake mwenyewe. Akasema, "Haya, mwalimu." Nilikata simu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, nikala wali kuku, na nililala njia nzima mpaka Mombasa.

Ganda tena

Tulikuwa tumekaa safarini siku tisa. Nyumba ya Kadzo ilikuwa inang'aa. Mke wa mwanawe alitarajia wageni wa posa ya binti yake, akapaka kuta zote chokaa, na ili vyungu visichafuke alivitoa chini ya makuti hadi peupe, akavipanga vizuri mstari mmoja juani. Alivimwagia maji ya kisima mara mbili kwa siku, kwa mapenzi kabisa. Maji ya kisima kile yana chumvi. Maua yote yalikuwa yameungua na kuoza. Mke huyo wa mwanawe alisimama kando na ndoo yake.

Kadzo alikwenda chungu kwa chungu, akifukua kwa kidole. Hakumgombeza mtu. Kisha akakaa kwenye kinu na, niamini msiniamini, akatabasamu. Akasema bahati yake ni kwamba alimpelekea Wakio ule wa mkebe, kwa kuwa ndio aliokuwa akiupenda kuliko yote, na mgeni hapewi mabaki.

Hapo ilibidi niseme. Nilimweleza simu ya Voi, neno kwa neno. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika vile, na nisingependa kuuona tena.

"Ulinichomea mama yangu," akasema, "na ukala wali mbele yangu."

Akaingia ndani. Nami sikuondoka, maana ningekwenda wapi? Nilikaa Ganda siku mbili nikimpigia Wakio, na simu yake haipatikani, na nyinyi mkinipigia kuuliza habari za safari mkanikuta nalia. Sasa mmejua.

Siku ya tatu alipokea. Mvua ilikuwa imeangusha mtambo wa simu huko kwao. Sikumsalimu. Niliuliza tu kama ameuchoma.

"Zawadi ya mgeni naitiaje motoni, mwalimu?" Alikuwa ameufungia chumbani, dirisha limezibwa chandarua, na kila kitumba kinachotaka kuchanua alikikata kwa wembe ili nyuki asipate cha kuchukua. "Nilisema haya ili upate amani. Ulionekana umechoka."

Nilimpelekea Kadzo simu. Waliongea kwa muda mrefu, nami nikatoka nje nikawaacha.

Mwambani

Halima aliponipigia na majibu, kitoto chake kilikuwa kinalia nyuma. Kabla hajasema lolote nilikiri yote: kikapu, mkebe, simu. Akaniuliza kama mche ule niliuchumia jani kabla ya safari. Nilifungua daftari. Namba tisa, mkebe wa majani ya chai.

Mengi ya Ganda yalikuwa ya dukani, na mengine yamechanganyika. Namba tisa si la dukani, wala si la Taita. Ni ndugu wa karibu wa maua ya Katana, lakini si mmoja wao. Lina damu yake lenyewe, na kati ya yote tuliyolinganisha hakuna jingine lenye damu hiyo. Ukoo mzima wa mwamba ule uliokufa ulikuwa umebaki katika mkebe mmoja, kwenye chumba cha kulala cha Wakio.

Nilikwenda Ganda siku hiyohiyo, nikamwambia Kadzo kwa kinywa changu kama nilivyoahidi. Karatasi niliiacha nyumbani.

Wakio aliteremka miezi kadhaa baadaye, mvua zilipotulia, akilalamikia joto letu tangu Voi. Aliuleta mkebe pamoja na miche mingi aliyoiotesha kwa majani yake. Halima akaagiza ukoo huo ukae katika nyumba tatu tofauti za huku pwani, usije ukapotea kwa ajali moja, na ndiyo sababu mkebe uko dirishani kwangu, pasipofika jua, na ndiyo sababu napiga kelele.

Miche iliyobaki tuliipeleka kwenye mwamba ule uliokufa. Tulivua viatu. Katana alibisha hodi kwa niaba yetu, akataja jina la mama yake Kadzo na la kila mmoja wetu, na la Wakio alilirudia ili lisikosewe. Kadzo alipanda mche wa kwanza kwenye ufa ule wenye unyevu. Kisha akaninyooshea wa pili.

"Wewe uliyetaka kuuchoma," akasema, "uupande wewe."

Nikapiga magoti. Nikasukuma mizizi ndani kwa kidole gumba, nikaishindilia kwa kuvu ya kijani ya mwambani kama alivyonionyesha. Nilipoinua kichwa, Kadzo alikuwa ameweka kiganja juu ya jiwe, akiliambia kwa Kigiriama, taratibu, kwamba binti wa mwamba amerudi.